Kuchagua ishara ya rada kila mzunguko ili usipoteze chombo: mwongozo kwa anayeanza

Swali linalonifikia kuliko mengine yote kutoka kwa vijana wa hapa Tanga wanaojifunza rada, mtambo unaorusha mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake ili kufuatilia chombo cha baharini, ni hili: "Ishara ipi ni bora kwa kufuatilia chombo?" Wengine hulizungusha kidogo: pulsi (mrusho mmoja wa mawimbi) iwe fupi au ndefu, masafa (idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde) yatulie au yapande? Nimelijibu kwa simu, nimelijibu kwa karatasi, na siku moja nimelijibu kwa kijiti mchangani Raskazone. Sasa nimeona heri niliandike lote mahali pamoja.

Jibu langu ni hili. Siwezi kukuambia ishara iliyo bora mpaka uniambie hivi sasa hujui nini kuhusu chombo chako. Hujui kilipo? Hujui kinakwenda kasi gani? Au vyote viwili unavijua nusunusu, na kosa la kimoja limeshikana na kosa la kingine? Kila hali kati ya hizo ina ishara yake, na rada inayojirekebisha huchagua upya kila antena inapozunguka.

Popo wanalijua hili kuliko sisi. Wale wanaokula wadudu wakiwa bado wanatafuta, hutoa milio kama kumi kwa sekunde. Wakishamkaribia mdudu milio huwa mifupi na hufika zaidi ya 150 kwa sekunde. Ukiwaona popo wanatoka Mapango ya Amboni magharibi ikiingia, kumbuka kwamba wanaokwenda kuwinda wadudu watafanya hivyo usiku kucha: kila wanapojua zaidi, wanauliza swali jingine.

Ukifuata mwongozo huu hadi mwisho utakuwa na programu ndogo inayochagua ishara yenyewe. Nadharia nimeiweka kidogo tu, ile usiyoweza kuikwepa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yoyote inayowasha lugha ya programu ya Python pamoja na NumPy, maktaba yake ya hesabu. Ya zamani inatosha. Pakua vyote mara moja mahali penye mtandao mzuri, baada ya hapo huhitaji intaneti.
- Daftari na kalkuleta. Usiziache hizi, hatua ya nne inazitegemea.
- Matriksi za mbili kwa mbili, zile za kidato cha nne: kujumlisha, kuzidisha, kugeuza safu kuwa safuwima.
- Kufahamu walau kwa jina kichujio cha Kalman, njia ya mwaka 1960 ya kuchanganya ubashiri na kipimo.
- Jioni mbili au tatu zisizo na haraka.

Huhitaji kuwa na rada. Narudia kwa sababu wapo wanaotaka kuanza kwa kununua vifaa: usirushe mawimbi ya redio angani bila kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Karibu na bandari kuna meli zinazotegemea rada zao kuingia salama, na jaribio lako linaweza kuzivuruga. Kazi yote hapa inafanyika ndani ya kompyuta. Mwishoni nitakuonyesha jinsi ya kuigusa kwa sauti, ambayo haihitaji kibali wala haina hatari.

Hatua ya 1: Chagua chombo kimoja na mahali kimoja

Usianze na "shabaha" ya kufikirika. Anza na kitu unachokijua kwa macho. Mimi hutumia jahazi linalotoka mkondo wa Pemba, linapita jirani na Kisiwa cha Ulenge na kuingia Ghuba ya Tanga. Rada yangu ya kuwazia iko Raskazone. Chombo kiko umbali wa kilomita 6, kinakaribia kwa mita 5 kwa sekunde, yaani takriban maili 10 za baharini kwa saa.

Rada yenyewe ni ya masafa ya gigahezi 9.4, jamaa ya zile za melini, na urefu wa wimbi lake ni sentimita 3.2. Antena inazunguka mara 24 kwa dakika, kwa hiyo unakiona chombo kila baada ya sekunde 2.5. Mwale ukiwa na upana wa digrii 2, unakaa juu ya chombo kwa milisekunde 14 hivi kisha umepita. Ndani ya muda huo mdogo ndipo unapouliza swali lako.

Tutafuatilia vitu viwili tu: umbali r kwa mita, na kasi v kwa mita kwa sekunde. Weka kanuni moja na usiibadilishe: v ni chanya umbali ukiongezeka. Jahazi linalokuja lina v = −5. Nusu ya maswali ninayoletewa huishia kwenye alama hii ya kutoa iliyosahaulika.

Hatua ya 2: Andika ubashiri

Baada ya sekunde 2.5, umbali mpya ni umbali wa zamani kuongeza 2.5 × v, na kasi inabaki ilivyo. Hiyo ndiyo matriksi F. Shaka yako kuhusu r na v inakaa kwenye matriksi nyingine, P: juu kushoto variansi ya umbali (kosa likizidishwa lenyewe kwa lenyewe), chini kulia variansi ya kasi, na pembeni kovariansi, yaani jinsi makosa hayo mawili yanavyoshikana.

P ichore kama yai kwenye karatasi yenye mhimili wa umbali na mhimili wa kasi. Yai pana kuelekea umbali maana yake hujui chombo kilipo. Yai lililoinama maana yake ni kwamba kama umekosea umbali kwa kuzidisha, huenda na kasi umeikosea upande uleule, au upande wa kinyume yai likiinamia kwingine. Tafadhali lichore kweli, usiridhike na kuliwazia.

Ubashiri hulinenepesha yai, kwa sababu bahari haina ahadi. Nahodha anaweza kupiga bisho, yaani kugeuza tanga na mwelekeo, wakati wowote. Ongeza matriksi Q kwa mabadiliko ya kasi usiyoyajua. Kwa jahazi mimi huanza na mchapuko wa mita 0.2 kwa sekunde mraba. Ukiuzidisha wenyewe kwa wenyewe unapata 0.04, na hiyo inazidisha matriksi yenye 9.77 juu kushoto, 6.25 chini kulia, na 7.81 pembeni.

Hatua ya 3: Tengeneza kabati la ishara nne

Nne zinatosha. Wanaoanza na ishara arobaini hawajui baadaye ni ipi iliyofanya kazi. Makosa niliyoyaandika hapa ni yangu ya mazoezi, kwa chombo kilicho umbali wa kilomita 3.

*Fupi.* Pulsi ya mikrosekunde 0.1. Mawimbi husafiri mita 150 za kwenda na kurudi kwa kila mikrosekunde, hivyo pulsi hii inatenganisha vitu vilivyoachana kwa mita 15. Inapima umbali peke yake, kwa kosa la mita 5. Kasi haiigusi.

*Panda.* Ishara ndefu ya milisekunde 1 ambayo masafa yake yanapanda megahezi 10 toka mwanzo hadi mwisho, mfano wa filimbi inayopanda sauti. Inapima umbali kwa kosa la mita 3, lakini ina tabia yake, nitaieleza sasa hivi.

*Shuka.* Ileile, masafa yakishuka.

*Tulivu.* Masafa hayabadiliki kwa milisekunde zote 14. Inapima kasi kwa kosa la mita 0.3 kwa sekunde kwa kutumia mabadiliko ya Doppler, yaani masafa ya mwangwi yanavyobadilika chombo kinaposogea. Umbali haiujui kabisa.

Sasa ile tabia ya Panda na Shuka. Chombo kinachosogea hubadilisha masafa ya mwangwi, na ishara ambayo masafa yake yanapanda haiwezi kujua kama badiliko limetokana na umbali au na kasi. Hivyo inachanganya vyote viwili. Kiasi cha mchanganyiko ni masafa ya rada mara urefu wa ishara, gawanya kwa upana wa masafa: bilioni 9.4 × 0.001 ÷ milioni 10 = sekunde 0.94. Panda inapima r + 0.94v. Shuka inapima r − 0.94v.

Lisome tena kwa utulivu, maana hapa ndipo penye utamu wote. Panda inakuonyesha chombo mahali kitakapokuwa baada ya sekunde 0.94. Shuka inakuonyesha mahali kilipokuwa sekunde 0.94 zilizopita. Jahazi letu, kwa mita 5 kwa sekunde, litaonekana mita 4.7 karibu zaidi kwa Panda na mita 4.7 mbali zaidi kwa Shuka. Wengi huiona tabia hii kama kasoro ya kurekebishwa na kutupwa. Usiitupe. Ndiyo inayokuwezesha kulikata yai lililoinama kwa pembe unayoitaka.

Hatua ya 4: Piga hesabu moja kwa mkono

Usiruke hatua hii. Anayeiruka hurudi kwangu baada ya wiki.

Chukua shaka hii: umbali kosa la mita 10 (variansi 100), kasi kosa la mita 2 kwa sekunde (variansi 4), kovariansi sifuri. Kwa kila ishara kuna H, safu inayosema kinachopimwa, na R, variansi ya kipimo:

- Fupi: H = [1, 0], R = 25
- Panda: H = [1, 0.94], R = 9
- Shuka: H = [1, −0.94], R = 9
- Tulivu: H = [0, 1], R = 0.09

Shaka itakayobaki baada ya kupima ni P toa (P·Hᵀ·H·P) ÷ S, ambapo S = H·P·Hᵀ + R, na Hᵀ ni H iliyogeuzwa kutoka safu kuwa safuwima. Tazama kwa makini: kwenye fomyula hiyo hakuna kipimo chenyewe. Unaweza kujua shaka itakayobaki *kabla* hujatuma ishara. Bila jambo hili kuchagua kusingewezekana.

Majibu unayopaswa kuyapata:

- Fupi inaacha umbali 20, kasi 4, kovariansi 0.
- Panda inaacha umbali 11.1, kasi 3.87, kovariansi −3.34.
- Shuka inaacha umbali 11.1, kasi 3.87, kovariansi +3.34.
- Tulivu inaacha umbali 100, kasi 0.088, kovariansi 0.

Panda na Shuka zinaonekana sawa kabisa, zimetofautiana alama tu. Sasa sogeza kila moja mbele sekunde 2.5 uone variansi ya umbali antena itakaporudi. Fomyula ni variansi ya umbali + 2 × 2.5 × kovariansi + 6.25 × variansi ya kasi. Fupi inatoa 45. Panda inatoa 18.6. Shuka inatoa 52. Tulivu inatoa 100.6.

Yaani Panda itakuacha na kosa la mita 4.3 mzunguko ujao, na Shuka mita 7.2, ingawa sasa hivi zinalingana. Alama moja ya kutoa ndiyo iliyoleta hayo. Siku ya kwanza nilipoipata kwa kalamu nilidhani nimekosea, nikairudia mara tatu.

Halafu badilisha namba moja. Tuseme umbali tayari unaujua kwa mita 3, hivyo mahali pa 100 weka 9. Kasi iache ilivyo. Rudia hesabu: Fupi 31.6, Panda 18.3, Shuka 34, Tulivu 9.6. Sasa Tulivu ndiyo inayoshinda. Chombo ni kilekile, rada ni ileile, bahari ni ileile. Kilichobadilika ni ujinga wako tu, na ishara imebadilika nao.

Hatua ya 5: Amua unachokichukia

Programu haichagui mpaka uiambie shaka ipi inakuuma. Mimi hupenda ile niliyotumia juu: kosa la umbali mzunguko ujao, kwa kuwa hapo ndipo chombo hupotea. Wengine hutumia ukubwa wa yai zima, yaani ditaminanti ya P. Kwenye mfano wa kwanza, kigezo cha ditaminanti kingechagua Tulivu (8.8 dhidi ya 32 ya Panda), huku umbali ukibaki na kosa la mita 10. Kwa nahodha anayetaka kujua kama kuna ngalawa mbele yake, huo ni uamuzi mbaya.

Kosa linalorudiwa kuliko yote: kujumlisha variansi ya umbali na variansi ya kasi moja kwa moja. Moja ni mita mraba, nyingine ni mita mraba kwa sekunde mraba. Ni kama kujumlisha kilo za samaki na lita za mafuta ya taa. Ukipima umbali kwa kilomita badala ya mita, chaguo zima linageuka. Kigezo changu hakina tatizo hilo, kwa sababu 6.25 ni sekunde mraba na inarudisha kila kitu kwenye mita mraba.

Hatua ya 6: Andika programu

Kiini chake ni mistari michache:

```
import numpy as np
D, k = 2.5, 0.94
F = np.array([[1, D], [0, 1]])
ishara = {
  "fupi":   (np.array([[1, 0]]), 25),
  "panda":  (np.array([[1, k]]), 9),
  "shuka":  (np.array([[1, -k]]), 9),
  "tulivu": (np.array([[0, 1]]), 0.09)}

def baada(P, H, R):
    S = H @ P @ H.T + R
    return P - P @ H.T @ H @ P / S

def shaka(P):
    return (F @ P @ F.T)[0, 0]

P = np.array([[100, 0], [0, 4]])
for jina, (H, R) in ishara.items():
    print(jina, shaka(baada(P, H, R)))
```

Iendeshe. Ikikupa 45, 18.6, 52 na 100.6, songa mbele. Ikikupa namba nyingine, usiongeze hata mstari mmoja mpaka zilingane na daftari lako.

Kisha funga mzunguko kwa mpangilio huu: bashiri, jaribu ishara zote nne kwa hesabu tu bila kutuma, chagua yenye shaka ndogo, "tuma" kwa kutengeneza kipimo chenye kelele (makosa ya kubahatisha), sahihisha kwa kichujio cha Kalman, rudia. Q sikuiweka kwenye shaka kwa sababu inaongeza kiasi kilekile kwa zote, haibadilishi mshindi. Kwenye ubashiri wenyewe lazima iwemo.

Hatua ya 7: Fanya bahari iwe bahari

Hapa niseme ukweli ambao miongozo mingi huupita. Ukiishia hatua ya 6, programu yako bado haijirekebishi kwa lolote. Kwa kuwa P haitegemei vipimo na R hazibadiliki, mpangilio mzima wa ishara ungeweza kuupanga jana yake ukaubandika ukutani mfano wa ratiba ya mabasi. Kuchagua papo kwa papo kuna maana pale R inapotegemea hali ya chombo. Ongeza mambo matatu, moja baada ya jingine.

*Umbali.* Nguvu ya mwangwi hupungua kwa umbali ukipandishwa kipeo cha nne. Chombo kikiwa mbali mara mbili, mwangwi unabaki sehemu moja ya 16, na kosa la kipimo linakuwa mara nne. Zidisha kila kosa kwa (r ÷ 3000)², na uweke sakafu ya mita 1 kwa umbali ili karibu na pwani programu isijidanganye. Kwa kilomita 6, Panda inakuwa na kosa la mita 12.

*Mawimbi ya bahari.* Kusi ikivuma, maji yenyewe yanarudisha mwangwi wenye kasi ndogo. Tulivu haiwezi kutenganisha chombo na mawimbi kama v iko karibu na sifuri. Ipe R kubwa sana pale kasi unayobashiri iko chini ya mita 1 kwa sekunde. Wengi hufikiria chombo kilichotia nanga tu. Jahazi linalopita mbele yako kwa ubavu, toka kushoto kwenda kulia, nalo lina v karibu sifuri hata kama tanga limejaa upepo.

*Kukosa.* Mara nyingine mwangwi haurudi. Tupa bahati nasibu, na ukikosa usisahihishe, yai linenepe. Utaona programu inabadilisha ishara yenyewe mzunguko unaofuata, na hapo ndipo utafurahi.

Onyo: R ikokotolewe kwa umbali *unaobashiri*, kamwe usitumie umbali wa kweli ulioufichia programu. Ukichungulia jibu, matokeo yako yatakuwa mazuri na hayatakuwa na thamani.

Hatua ya 8: Linganisha kwa haki

Endesha programu mara 200 kwa ishara inayochaguliwa, mara 200 kwa Panda peke yake, na mara 200 kwa zamu ya Panda, Shuka, Tulivu. Tumia mbegu zilezile za bahati nasibu (namba zinazoianzisha) kwa zote, ili kila moja ikutane na bahari ileile. Pima kosa la umbali, na uhesabu mara ngapi chombo kilipotea. Panda peke yake ni mshindani mgumu, usishangae. Tofauti itaonekana zaidi chombo kinapobadilisha mwelekeo na kinapokaribia.

Wazo hili kwenye kufuatilia vyombo liliwekwa kihesabu na watafiti Kershaw na Evans mwaka 1994. Walionyesha kwamba kwa aina moja ya pulsi, nguvu ikibaki ileile, eneo la yai la kipimo halibadiliki hata ukibadilisha urefu wa pulsi na mpando wa masafa. Unachobadilisha ni umbo na mwinamo. Ni donge la unga: unalibinya huku linatokeza kule. Ukilielewa hilo, hutatafuta tena ishara inayofanya yote.

Mambo yakienda kombo

*Inachagua ishara moja tu siku nzima.* Angalia kama R zako bado hazibadiliki (hatua ya 7), kisha vizio. Kama vyote viko sawa, huenda ishara hiyo kweli inafaa kwa hali uliyoitengeneza. Badilisha hali.

*Umbali una kosa lisiloondoka la mita 5 hivi.* Umesahau 0.94v, au umegeuza alama (hapo kosa hufika mara mbili). Geuza jahazi liende zake badala ya kuja. Kosa likihamia upande wa pili, ndilo hilo.

*Chombo kinapotea kila kinapopiga bisho.* Q ni ndogo mno. Nahodha mmoja mzee wa mwalo wa Deep Sea hapa Tanga aliniuliza, "Sasa hiyo rada yenu itajuaje kwamba nimegeuza tanga?" Swali lake lilistahili jibu zuri, na jibu ni hili: chukua tofauti kati ya kipimo na ubashiri, ipandishe mraba, gawanya kwa S. Kwa wastani itakaa karibu na 1. Ikivuka 4 mizunguko miwili mfululizo, chombo kimegeuka. Ongeza Q mara kumi kwa mizunguko michache, na uache programu ichague ishara kwa yai jipya lililonenepa.

*Variansi imekuwa hasi.* Makosa ya desimali yamejikusanya. Baada ya kila kusahihisha, weka P = (P + P.T) / 2. Ikiendelea, tafuta R ambayo ni sifuri.

*Inarukaruka kati ya ishara mbili kila mzunguko.* Zinalingana karibu sawa. Iambie ibadilishe tu pale faida inapozidi asilimia 5.

*Ngalawa haionekani kabisa, ishara yoyote.* Hili haliko kwenye programu. Mbao hurudisha mwangwi hafifu, na hakuna uchaguzi wa ishara utakaofuata kitu kisichorudisha chochote. Bati tatu za pembetatu zilizokutanishwa kwenye kona moja kwa pembe za mraba, kila ukingo unaotoka kwenye kona ukiwa sentimita 30, kwa rada ya gigahezi 9.4 huonekana sawa na shabaha ya mita mraba 33. Pembe ziwe za mraba kweli, na bati zisiwe na mikunjo. Kwa mvuvi anayelala baharini usiku kwenye njia ya meli, nalijali hili kuliko programu yote niliyoieleza hapa.

Ukitaka kuigusa kwa mkono

Tumia sauti. Spika ya kompyuta itoe mlio unaopanda kutoka kilohezi 14 hadi 18 kwa milisekunde 50, maikrofoni irekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde. Shabaha iwe sinia ya bati mkononi mwako, umbali wa mita mbili. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 kwa sekunde, usitumie 343 ya vitabu. Mchanganyiko wa umbali na kasi ni 16,000 × 0.05 ÷ 4,000 = sekunde 0.2. Sogeza sinia kuelekea spika kwa nusu mita kwa sekunde, na mlio wa kupanda utaionyesha sentimita 10 karibu kuliko ilivyo, wa kushuka sentimita 10 mbali.

Vile visensa vya bei nafuu vya kilohezi 40 usivinunue kwa kazi hii. Vinatoa mlio uleule kila mara, na hakuna cha kuchagua. Fanya jaribio chumbani feni ikiwa imezimwa, maana mapanga yake nayo yana Doppler, na mara ya kwanza utadhani umegundua shabaha ya pili.